Mtoto Anaita, Nani Anaitika?

Kwenye foleni ya kliniki ya watoto kuna jambo linalonitia wasiwasi. Mtoto wa miezi sita hivi amepakatwa. Anamkazia mama macho, anatoa sauti, anatabasamu, anangoja. Mama anaangalia simu. Mtoto anarusha miguu, anavuta kanga, anaita tena kwa lugha yake. Mwisho anageuza uso na kutazama ukuta. Halii, na kwa kuwa halii, tunamsifu kuwa ni mtulivu.

Miaka ya 1970 huko Marekani, mwanasaikolojia Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha kwa dakika chache wawatazame kwa uso mkavu, bila neno wala tabasamu. Watoto walijaribu kila njia ya kuwarudisha mama zao mchezoni. Waliposhindwa, waligeuza nyuso, wakanywea. Mtoto huzaliwa akitarajia kujibiwa, na ubongo wake, unaokua kwa kasi kubwa mno katika miaka hii ya mwanzo, hujengwa na kule kuita na kuitikiwa. Ndiyo maana programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Tanzania Desemba 2021, inayaweka malezi yenye mwitikio sambamba na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Tunakumbuka chanjo na uji wa lishe. Hili la kuitika tunalisahau.

Sisi wazazi hatujaacha kuwapenda watoto wetu; muda ndio unaokosekana. Jijini Dar es Salaam, anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta huondoka alfajiri mtoto amelala, hurudi usiku mtoto amelala. Sheria inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku 3. Bibi yuko kijijini. Dada wa kazi, mara nyingi binti mdogo mwenyewe, ana nguo za kufua na chakula cha kupika, basi televisheni ndiyo inayoshinda na mtoto. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Katika nyumba zetu nyingi, saa hiyo huisha kabla ya chai ya asubuhi.

Ugumu huo ni wa kweli, lakini hautuondolei wajibu. Mtoto akikuonyesha kuku kwa kidole, mwambie, "Eeh, kuku, anadonoa mchele," kisha unyamaze kidogo naye apate nafasi ya kusema lake. Hilo linawezekana ukimwogesha, ukimvalisha, ukichambua mboga, na baba analiweza sawasawa na mama. Wala kuitika si kudekeza. Mtoto wa miaka miwili anayelilia kisu hapewi kisu. Anaambiwa kinakata, anapewa mwiko. Akigaragara chini, tunakaa karibu naye hadi atulie, na neno letu linabaki lilelile. Tukimchapa, atakachojifunza ni kutuogopa.

Mwenendo wetu nao anauchukua ulivyo. Nimemwona mtoto ambaye hata kusema hajanyooka ameweka kandambili sikioni kama simu, amekunja uso, anampungia mwenzake mkono aondoke asimsumbue. Hakuna aliyemfundisha. Jioni, basi, simu iwekwe juu ya kabati hadi mtoto alale. Na dada wa kazi, ambaye ndiye anayeshinda naye, apunguziwe kazi nyingine ili apate nafasi ya kucheza na kuzungumza naye, na sisi tuseme na dada huyo kwa heshima, maana sauti tunayomtolea asubuhi ndiyo atakayoisikia mtoto mchana kutwa.