Neema Isiyoonjwa

Katika vibanda vya chai vya Arua na Koboko hakuna kinywaji kimoja tu. Ipo chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi, ipo chai ya rangi, ipo ya mchaichai uliokatwa nyuma ya nyumba. Na kwa kuwa Sudan Kusini iko jirani na Kongo nayo haiko mbali, karkade nyekundu yenye uchachu wake si kitu kigeni, wala kahawa ya tangawizi kama wanavyoipenda watu wa Juba. Sehemu hii ya Uganda, inayoitwa West Nile, ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikapita kwa Sudan, ikaingizwa Uganda mwaka 1914. Historia hiyo yote imo vikombeni. Swali langu ni la dini. Je, mcha Mungu anaruhusiwa kutulia na kuonja tofauti za vinywaji hivi, akapenda kimoja kuliko kingine, akakifurahia? Wapo wengi, Waislamu na Wakristo, wanaoona kwamba inatosha mtu anywe apate nguvu, amshukuru Mungu, aende zake. Kwao, kuhangaika na ladha ni kuutawaza ulimi. Mimi naona kinyume. Kuonja ni sehemu ya shukrani yenyewe, na anayekunywa bila kuonja hushukuru kwa kitu asichokipokea sawasawa.

Naanzia kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika sehemu ya kitabu chake, Ihya, inayohusu subira na shukrani, anaeleza kwamba shukrani ina mambo matatu: elimu, hali ya moyo na tendo, na elimu ndiyo inayotangulia. Tena haridhiki na elimu ya jumla kwamba kila kitu chatoka kwa Mungu. Anakichukua chakula na kukifuatilia hatua kwa hatua, tangu hisi ya kuonja na hamu ya kula hadi mkulima, msagaji na mafundi wa zana zao, mpaka msomaji aone ni mikono mingapi imefanya kazi kabla ya tonge kufika kinywani. Tukikifuatilia kikombe cha Arua kwa namna hiyo, jani latufikisha Kabarole, Bushenyi na Buikwe, kwenye mashamba ambayo sehemu kubwa ya mavuno yake hupelekwa mnadani Mombasa na kuuzwa nje. Sukari yatufikisha kwenye viwanda vya Kinyara, Kakira na Lugazi, na hapo ndipo elimu inapochoma. Enzi za ukoloni West Nile iligeuzwa chimbuko la vibarua. Vijana wa Kilugbara na Kialur walisafiri kusini kwenda kukata miwa kwa ujira mdogo, huku kwao kukibaki bila viwanda. Utamu huu una jasho la mababu wa hao hao wanaounywa leo. Mtu hafiki kwenye ujuzi huo kwa kugugumia. Anayetambua kwamba kikombe hiki si sawa na kile ndiye anayeanza kuuliza tofauti imetoka wapi, na nani aliyeifanya.

Pingamizi la kwanza ni la wapenda zuhudi. Watasema moyo ni mmoja, na ukishughulika na kinywaji utamsahau aliyekitoa. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, lakini tuangalie mapokeo yenyewe. Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kisa cha Mtume, Abu Bakr na Umar waliotoka nyumbani kwa njaa wakaenda kwa Abu al-Haytham, mmoja wa Ansari. Mwenyeji alileta shada zima la tende, zilizoiva na ambazo hazijaiva vizuri, na alipoulizwa kwa nini hakuwachagulia zilizoiva tu, alijibu kwamba alitaka wachague wenyewe. Hakukemewa. Wakala, wakanywa maji, na Mtume akawaambia kwamba kivuli baridi, tende nzuri na maji ya baridi ni katika neema watakazoulizwa Siku ya Kiyama. Yaani kitu kidogo namna ile, kwa watu wenye njaa, kilihesabiwa na kutajwa sifa yake: ubaridi wa maji, uzuri wa tende. Atakayeulizwa habari za neema atajibu nini ikiwa hakuitambua ilipopita kooni? Sura ya al-Insan nayo, inapoeleza vinywaji vya Peponi, inakitaja kimoja kilichochanganywa na tangawizi. Kama ladha ingekuwa jambo la kudharauliwa, kiungo hicho kisingetajwa kwa jina. Hata saumu, ambayo ndiyo shule ya kujinyima, imeahidiwa furaha mbili, na moja ni ya wakati wa kufuturu. Kwa Wakristo, Paulo alimwandikia Timotheo jambo la karibu na hili, kwamba alichokiumba Mungu ni chema kikipokewa kwa shukrani.

Mpaka upo, hata hivyo. Imepokewa pia kwamba Mtume hakuwahi kukitia chakula kasoro. Alikila akikipenda, na asipokipenda alikiacha. Ulimi unaojua tofauti si lazima uwe ulimi wa kulaumu, na anayemdhalilisha mpishi kwa sababu ya iliki kuzidi ameshatoka kwenye shukrani ninayoizungumzia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ladha ni jambo la mwenye nacho. Utazungumzaje uhondo wa chai Koboko, karibu na kambi ya Lobule wanakoishi wakimbizi kutoka Kongo, au karibu na Bidibidi, Yumbe, iliyofunguliwa mwaka 2016 kwa waliokimbia vita vya Sudan Kusini? Watu wa West Nile wenyewe wanaujua ukimbizi, kwani baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979 maelfu walivuka kwenda Zaire, yaani Kongo ya leo, na Sudan. Mwenye njaa apewe chakula kwanza, hilo halina mjadala. Ila anayesema kwamba masikini hahitaji ladha hajamtetea masikini, amempunguza. Mgao wa chakula cha msaada hupimwa kwa kilo, na anayeupokea haulizwi anapenda nini. Akikaribishwa nyumbani na kuulizwa kama atakunywa ya maziwa au ya rangi, sukari kiasi gani, tangawizi iwepo au isiwepo, amechukuliwa kuwa mtu mwenye matakwa yake. Hivyo ndivyo Abu al-Haytham alivyofanya kwa shada la tende. Tena ladha si lazima iwe ghali: mchaichai wa nyuma ya nyumba haununuliwi.

Limebaki tendo, jambo la tatu la Ghazali, nalo naliona kwenye bakuli la sukari. Vijiko vinne hufanya chai zote ziwe chai moja, na kuuchosha mwili ambao ni amana. Anayeonja hugundua haraka kwamba kijiko kimoja kinatosha tangawizi isikike. Kilichookolewa kwa mwezi ni kidogo, lakini kinatosha kumkaribisha jirani kwa kikombe kimoja au viwili, na kabla ya kummiminia, kumuuliza anapenda ipi.