Uso Ulioachiwa Kivuli

Mnamo mwaka 1628, Rembrandt van Rijn, kijana wa miaka 22 hivi aliyeishi Leiden nchini Uholanzi, alijichora kwa rangi za mafuta juu ya kibao cha mwaloni kisichozidi sentimita 23 kwa urefu. Mwanga unaangukia shingo na shavu moja, ilhali macho, ambayo ndiyo mtu huyatafuta kwanza katika uso wa mwenziwe, yamezama kivulini. Nywele alizikwangua kwa kitako cha brashi rangi ikiwa bado mbichi, na kila msokoto ukabaki mfuo mwembamba unaong'aa.

Mbinu hiyo ya kupambanisha mwanga na giza huitwa kiaroskuro, nayo ilishamiri katika sanaa ya Baroko iliyotawala Ulaya tangu karibu mwaka 1600, hasa kwa mfano wa Mwitalia Caravaggio. Husemwa kwamba kazi ya mbinu hiyo ni kuamsha hisia. Ni kweli, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa yanaliacha swali gumu zaidi, yaani kama kuangaziwa ndiko kujulikana.

Tuchukue mfano wa jua lenyewe: mtaa wa Rohero, mjini Bujumbura, uko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini, likawasha paji la uso na kuyatia giza macho yaliyo chini yake, hivi kwamba mwanga mkali kuliko wote ndio unaoficha kile kinachotafutwa. Picha ya pasipoti huikwepa hali hiyo kwa kudai mwanga sawa usoni kote, kwa sababu lengo lake ni kumtofautisha mtu na wengine, na hapo kazi yake imekwisha. Anayejichora ana kazi nyingine: hujitazama kiooni, lakini kila anapogeukia kibao huwa ameshaacha kujiona, kwa hiyo huchora kumbukumbu ya punde tu, na jicho linalochunguza haliwezi kamwe kujikuta likiangalia kwingine. Kivuli juu ya macho yale, basi, si pambo wala woga, bali ni ukweli kuhusu mipaka ya kujijua.

Rembrandt alijichora kwa rangi mara 40 hivi hadi alipofariki mwaka 1669. Kibao kile kidogo, ambacho sasa kimo Rijksmuseum, Amsterdam, kinastahili kusomwa kama hoja ya falsafa juu ya nafsi, wala si kama zoezi la mwanafunzi wa rangi.