Jasho la Kweli kwa Windo la Uongo
Je, juhudi inayomwagwa juu ya kitu kisichokuwepo ni juhudi ya kweli? Jibu linaweza kutafutwa katika Monster Hunter, mchezo wa Capcom ulioingia kwenye kifaa cha michezo cha PSP mwaka 2005 na kuwakutanisha vijana wa Japani wanne wanne, kila mmoja na kifaa chake mkononi, wakimwinda dubwana mmoja. Humo mhusika hapandi ngazi kwa kuua tu, kama ilivyo katika michezo mingi ya aina hiyo. Anayekua hasa ni mchezaji mwenyewe. Hujifunza kumsoma dubwana kama Tigrex: anavyofyatuka mbio, anavyopitiliza na kugeuka, anavyochechemea kwenda kulala akiwa hoi.

Mtu atasema kinachoshinda ni silaha na deraya zinazoundwa kwa magamba ya windo. Zinasaidia, ndiyo, lakini mzembe mwenye deraya bora bado hulazwa chini, na wapo wanaomwangusha dubwana yuleyule bila deraya yoyote. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ustadi huo haumlishi mtu. Sawa, hata bao halilishi, wala hatusemi bingwa wake hajui kitu. Dubwana ni wa kubuni, ila subira ya kumwacha amalize shambulio lake ndipo upige haibuniwi: ama unayo, ama unaangushwa na paka wa mchezo huo wanakurudisha kambini kwa mkokoteni.