Kicheko, Gemu na Uhalali wa Kujifurahisha

Swali la kama mcha Mungu anaweza kupenda vichekesho na michezo isiyomwingizia chochote ni la zamani kuliko filamu na simu. Katika Kurani, sura ya Al-Hadid inayahesabu maisha ya dunia kuwa mchezo na pumbao, lakini An-Najm inamtaja Mungu kuwa ndiye anayechekesha na kuliza. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliruhusu pumbao kama dawa ya moyo uliochoka, kwa sharti kwamba dawa hainywewi kupita kipimo.

Kibaha na Kisarawe zina kipimo kingine cha kale, nacho ni utani. Wazaramo, wenyeji wa maeneo hayo, wana utani na Wanyamwezi na Wasukuma, uhusiano unaohusishwa na misafara iliyoshuka pwani kutoka bara. Mtani hufika msibani akamwiga marehemu, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Wapo wanaoona mzaha huo unavunja heshima ya maziko. Hoja yao ni nzito, ila inasahau kuwa mtani yuleyule huenda ndiye aliyeshika jembe kaburini. Kicheko chake ni sehemu ya kazi aliyowajibika kuifanya, na zamu yake ya kutaniwa itafika.

Filamu ya vichekesho haina zamu hiyo. Mchekeshaji King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, alichekesha watu wasiohesabika ambao hawakuwahi kumjibu. Hata hivyo, kwenye kibanda umiza, banda la kuoneshea filamu, watazamaji hucheka bega kwa bega, na anayechelewa kuelewa huchekwa yeye, kwa hiyo chembe ya utani imebaki. Wala uchekeshaji na dini havikimbiani: Emmanuel Mgaya, maarufu kama Masanja Mkandamizaji wa kundi la Orijino Komedi, amekuwa pia mhubiri wa Injili.

Gemu ya simu ni ngumu zaidi kuitetea. Bao la kete huchezwa kwa kelele, majigambo na washauri wasioombwa ushauri. Gemu mara nyingi hubakiza mashindano na kumwondoa mshindani. Tena nyingi zimeundwa zisiwe na mwisho, na hapo ndipo sharti la Al-Ghazali linapokwama, kwa kuwa kipimo kimo mikononi mwa aliyeitengeneza. (Kamari ya simu ni habari nyingine: katika Uislamu hukumu yake haina utata.) Sala ikipita kwa ajili ya gemu, kosa ni la kuiacha sala, na hukumu hiyohiyo ingempata mcheza bao. Lakini vijana wanaopokezana simu moja, aliyeshindwa akizomewa na kuipisha kwa mwenzake, wanacheza kitu kilicho karibu na bao kuliko na gemu ya mtu aliyejifungia chumbani, ingawa programu ni ileile.