Deni la Korogwe

Ukishuka kutoka Lushoto kupitia Soni, baridi inaishia Mombo, wilayani Korogwe, na mbu wanaanza. Huku chini, kati ya 2009 na 2014, watoto walichomwa chanjo ya majaribio ya malaria, RTS,S. Ile S ya kwanza ni kipande cha kirusi cha homa ya ini B, kilichobebeshwa kipande cha kimelea cha malaria. Wengine, kwa kulinganisha, walipewa chanjo tofauti kabisa. Wazazi waliridhia kwa saini au dole gumba.

Mwaka 2019 chanjo ilianza kutolewa Ghana, Kenya na Malawi. Tanzania haikuwemo.

Kuna wanaosema: si walikubali wenyewe? Basi yameisha. Mimi hapo nagoma. Ridhaa inamwondolea mtafiti kosa la kulazimisha, deni haliondoi. Mama aliyetoa mkono wa mwanawe hakuuza kitu, alitukopesha. Na mdaiwa si mtafiti peke yake. Ni kila mzazi, hata wa Kisumu, ambaye mtoto wake anachanjwa leo bila kubahatisha.

Wahenga walishasema: kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi tumeshacheza. Korogwe bado inasubiri.