Shahidi Asiyetosheleza

Katika riwaya ya Dreadnought, iliyotolewa mwaka 2017 na mwandishi wa Marekani April Daniels, Danny ana miaka 15. Walimwengu humhesabu mvulana, naye nafsini mwake anajijua kuwa ni msichana. Amejificha nyuma ya jengo la maduka akipaka rangi kucha za miguu, mara shujaa mkubwa Dreadnought anaanguka karibu naye, anakata roho, na nguvu zake zinamhamia Danny. Nguvu hizo zinamwezesha kuruka angani. Zinamgeuza pia mwili, ukawa ule alioutamani siku zote.

Wanaowakana watu wa namna yake hudai kwamba hoja yao ni mwili tu: mwili ndio shahidi. Basi riwaya inawapa shahidi huyo, tena bila kisu cha tabibu. Je, wanaridhika? Baba anamwona binti kwa macho yake, na bado anamdai mwana wa kiume, anahangaikia tiba ya kumrejesha alivyokuwa. Graywytch, mchawi aliye katika safu ya mashujaa wenyewe, naye anamkataa. Kumbe hukumu ilikwishapitishwa kabla shahidi hajaitwa. (Katika Kiingereza baba huweza kumjeruhi mtoto kwa kiwakilishi kimoja kifupi. Kiswahili hakina silaha hiyo. Mfasiri angelazimika kulihamishia jeraha kwenye neno "mwanangu wa kiume".)

Lakini lipo swali zito zaidi, ambalo riwaya hailimalizi. Danny anaokoa ndege ya abiria. Ni nani atakayethubutu kumbeza hadharani? Msichana mwenziwe ambaye hakuangukiwa na shujaa yeyote, asiyeokoa mtu, atasadikiwa kwa lipi? Utu unaongojea muujiza ni utu wa kukopeshwa.

Hata kukubaliwa kwenyewe kuna namna mbili. David, rafiki wa siku nyingi, anaupokea mwili mpya upesi mno: anauona, na papo hapo anajihesabu kuwa na haki nao, kisha anatukana anapokataliwa. Calamity, msichana mpiganaji asiyeweza kuruka, anamchukua Danny kwanza kama mwenzi wa kazi, wakihatarisha maisha pamoja usiku kwa usiku. Mapenzi baina yao hayafunguki mpaka juzuu ya pili, Sovereign, na hapo wote wawili wana woga, wala hakuna anayemdai mwenziwe.