Kelele ya Nani?



Mwanangu ana miaka 19, mzaliwa wa hapa Birmingham. Jumapili moja aliniwekea albamu ya Duma, kundi la vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, iliyotolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina hilo kwa Kikuyu ni giza. Mle ndani mna mayowe, gitaa linalokwaruza na ngoma za mashine ziendazo mbio kuliko mkono wa mtu. Dakika ya pili nikasema, "Zima kelele hizo! Sisi tuna ngoma zetu."

Hakubishana. Alizima, akaenda chumbani kwake.

Ngoma niliyokuwa nikijivunia ni beni, aliyoicheza babu yangu Tanga. Lakini beni ilitoka wapi? Ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, watu wakiiga bendi za kijeshi za wazungu: tarumbeta, sare, vyeo, gwaride barabarani. Ilipofika Tanganyika, Marini na Arinoti walishindana kwa vishindo. Wamisionari waliilalamikia, na baadhi ya wazee wa dini pia. Leo tunaiita mila.

Sisi wahandisi tunasema kelele ni ishara isiyotakiwa. Chombo cha kupimia hakijui ipi inatakiwa. Anayeamua ni mtu. Basi niliposema "kelele" sikuwa nimeupima muziki ule. Nilikuwa nimetangaza nisichokitaka. Tena nilisema hayo katika mji wa Black Sabbath, ambao gitaa lao zito lilipigwa na Tony Iommi, kijana aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani.

Sidai kwamba kila kipya ni chema. Lakini babu hakuirithi beni ikiwa imekamilika. Kizazi chake kiliitengeneza kwa vyuma vya mgeni, na mtaa ukatoka nje kuitazama. Ngoma bila watazamaji hufa, hata iwe ya kale vipi.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Mtoto aliyezaliwa ughaibuni, kwao ni wapi kama si sebuleni kwangu? Je, nani atamtunza nikimfukuza mimi?

Jioni ile nilibisha mlango wake, nikamwomba aanze tena wimbo wa kwanza. Sikuupenda. Nilikaa nikausikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwuliza ngoma zile zimetengenezwaje. Tulizungumza mpaka usiku wa manane.